Lori Linalonguruma Likiwa Limesimama

Wanachama wetu wengi wana magari makuukuu, na hatuoni aibu kulisema hilo, kwani hata lori la Chama chetu si kijana. Ni lori la petroli, la silinda 6, nalo limeanza kuchukua karafuu kabla dereva wake hajazaliwa. Jina la kiwanda chake hatulitaji, maana ubovu tutakaoueleza haukuwa wa kiwanda. Ulikuwa wa uzee, na sehemu yake kubwa ulikuwa wetu sisi wenyewe wa Kamati.

Katikati ya msimu uliopita lori hilo lilianza kunguruma kwa nguvu hata likiwa limesimama. Dereva ameondoa mguu kwenye akseleta, gia iko huru, na injini yalia kama gari linalopanda mlima. Ile sauti ya chini ya gari lililosimama, ambayo mafundi wetu huiita sailensa, ilikuwa imepanda sana. Wachumaji walizoea; wakawa wanalisikia toka mbali na kusema, "Hilo lenu laja." Watoto walicheka. Sisi wa Kamati hatukucheka, kwani petroli iliyokuwa ikitosha safari nne za kutoka mashambani mpaka kituoni haikutosha tena safari tatu.

Basi tukamwita dereva. Mzee mmoja wetu akamwuliza, "Mwanangu, petroli yaenda wapi?" Akajibu, "Mzee wangu, gari ndilo laila." Hakusadikiwa. Aliulizwa mara ya pili na ya tatu, akajibu lile lile, akaongeza kuwa pedali ya breki nayo imekuwa ngumu, na yeye hapendi tena kuteremka milima na watu wamekaa juu ya magunia. Neno la breki lilipita masikioni mwetu kama upepo. Tuliona ni mtu anayetafuta udhuru. Mwisho wa mwezi tukamkata mshahara kwa petroli iliyopotea.

Twaandika haya kwa kuwa wanachama wana haki ya kuyajua, na kwa kuwa wako wenye malori wengine ambao huenda leo wanamtazama dereva wao kwa jicho lile lile.

Kwanza tueleze kidogo jinsi injini ya petroli ya zamani inavyotawaliwa. Watu wengi hudhani kwamba akseleta huongeza petroli. Hasha, akseleta hufungua njia ya hewa, na hewa ndiyo inayoivuta petroli ndani ya kabureta. Ndani ya koo la kabureta mna kibati cha mviringo kinachogeuka juu ya kijiti chake kama bawa la kipepeo. Dereva akikanyaga, kibati hufunguka. Akiondoa mguu, springi hukirudisha kikabaki na upenyo mdogo tu. Pistoni zaendelea kuvuta, na njia imezibwa, kwa hiyo chini ya kibati hutokea mvuto mkubwa, nao mafundi huuita vakyumu. Kwa injini nzima, mahali palipo karibu na usawa wa bahari kama hapa kwetu, kipimo cha vakyumu huonyesha baina ya inchi 18 na 21 za zebaki, na mshale hutulia. Malori mengi ya petroli ya namna hiyo hutakiwa yazunguke kama mara 500 mpaka 700 kwa dakika yakiwa yamesimama. Kiasi hasa kimeandikwa katika kitabu cha gari, kama panya hawajakila.

Ikiwa injini yazunguka zaidi ya hapo pasipo kukanyagwa, ama kibati hakifungi, ama hewa imepata njia nyingine ya kuingilia, ama moto wa plagi unawaka mapema mno. Ni lazima uijue ni ipi katika hizo kabla hujashika bisibisi. Kosa la mafundi wengi, na la wenye magari zaidi, ni kuikimbilia ile skurubu ya sailensa iliyo ubavuni mwa kabureta na kuilegeza. Sauti ikishuka hufurahi. Wiki ijayo gari lazima kila likisimama, skurubu hukazwa tena, na ugonjwa umo mle mle.

Yako mambo mepesi ambayo hayataki hata spana. Injini ikiwa baridi asubuhi na choku imevutwa, kunguruma ni desturi yake. Kuna kipande maalumu kinachokisukuma kibati kifunguke kidogo mpaka injini ipate joto. Ngoja ipashe, kisha sukuma choku yote, nenda ukatazame kwenye kabureta kwa macho yako kama kile kipande kimerudi. Waya wa choku ukishika kutu ndani ya ala yake, kitufe hurudi mbele ya dereva lakini huko kwenye kabureta hakuna kilichorudi. Malori mengi ya zamani yana pia kitufe cha akseleta ya mkono. Twamjua mwanachama mmoja aliyefunguliwa kabureta mara mbili, na mwisho ikaonekana kuwa mwanawe hutundika mfuko wa chakula kwenye kitufe hicho.

Kisha chomoa fimbo au waya wa akseleta pale unapoungana na kabureta, injini ikiwa inazunguka. Sauti ikishuka papo hapo, kabureta haina kosa. Lililokosea ni baina ya mguu wa dereva na kabureta. Huenda springi imechoka, au zulia la mpira limeisukuma pedali, au vifundo vya fimbo vimejaa vumbi na grisi iliyoganda. Tazama vilevile mipira iliyoikalia injini. Mpira mmoja ukikatika, injini huinama upande, hasa inapovuta mzigo, na katika kuinama kwake huivuta fimbo ya akseleta. Gari la namna hiyo hunguruma zaidi linapopanda mlima, na dereva huapa kuwa hakukanyaga. Naye husema kweli.

Upande wa moto, kama mtu amegusa distributa karibuni, mshuku yeye kwanza. Taimingi ikivutwa mbele mno, sailensa hupanda, na injini hugonga ikipandishwa mlima na mzigo. Watu husahau kwamba kuzidisha uwazi wa pointi nako huusogeza moto mbele, kwa hiyo pointi hupimwa kwanza na taimingi baadaye. Ndani ya distributa mna vizito viwili vidogo vyenye springi zao, ambavyo hupanuka kwa kasi ya injini na kuusogeza moto mbele. Springi zikikatika au vizito vikikwama, hubaki vimepanuka. Dalili yake ni kwamba ukiipandisha injini kisha ukaiachia, sauti hukawia kushuka, au hukataa kabisa. Dawa yake ni usafi na tone moja la mafuta. Springi iliyokatika haina dawa ila kubadilishwa.

Sasa tuje kwenye hewa ya wizi, ambayo ndiyo iliyotuumbua.

Hewa ya wizi ni ile iingiayo chini ya kibati bila kupita kwenye kabureta. Gasketi iliyopasuka chini ya kabureta huiingiza, na ya manifodi vilevile. Kijiti cha kibati kilicholika matundu yake nacho huiingiza, na kila bomba linalokula vakyumu ya injini laweza kuwa mwizi: bomba la distributa, bomba la waipa katika magari ambayo waipa zake huendeshwa kwa vakyumu, na lile bomba nene liendalo kwenye busta ya breki. Hewa hiyo haikuchukua petroli. Injini huhitaji kama ratili 15 za hewa kwa ratili moja ya petroli. Hewa ikizidi, moto huwa dhaifu, injini ikatetemeka na kuzima. Kwa hiyo hewa ya wizi peke yake mara nyingi haipandishi sauti, bali huifanya igugumie. Wanaoipandisha ni watu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mwanzo wa msimu lori lilikuwa likizima kila liliposimama. Fundi wa kwanza akakaza skurubu ya sailensa, likaacha kuzima lakini likatetemeka. Fundi wa pili akaongeza petroli kwa skurubu ya mchanganyiko, likatulia, tukamsifu. Skurubu hii yataka hadhari, kwani kabureta si moja. Katika kabureta nyingi skurubu ya mchanganyiko iko chini, karibu na kitako, nayo ukiikaza unapunguza petroli. Lakini ziko ambazo skurubu iko juu, upande wa kuingilia hewa, na hizo ukiikaza waziba hewa, na petroli yazidi. Fundi asiyejua yake ni ipi huenda kinyume, kisha akalaumu pampu.

Ufa ule uliokuwa mdogo ukaendelea kupanuka. Sasa hewa ya wizi ikawa nyingi na petroli nayo tumeshaizidisha, vikakutana, na lori likaanza kunguruma. Fundi wa tatu akailegeza skurubu ya sailensa mpaka ikawa haigusi kitu, na sauti haikushuka. Hapo ndipo angalipaswa kusimama na kufikiri: ikiwa kibati kimefunga kabisa na injini bado yapiga kelele, hewa yapita wapi? Yeye alisema kabureta imekwisha. Tukanunua nyingine, si mpya bali iliyotumika, kwa pesa ambazo mweka hazina bado huzitaja kila kikao. Ilipofungwa ilitengenezwa ifuate ile ya kwanza, petroli nyingi vile vile, na lori likanguruma vile vile.

Aliyeufunua ugonjwa ni utingo, kijana ambaye hakuwahi kuulizwa neno. Alikuwa amekaa mbele na dereva wakisubiri zamu yao kituoni, injini inazunguka. Akasema, "Kaka, mbona kila ukishika breki sauti yabadilika?" Dereva akakanyaga tena. Sauti ikabadilika. Akaachia, ikarudi.

Kwa wasiojua, busta ni chombo kinachomsaidia dereva kukanyaga breki, nacho hutumia vakyumu ya injini. Breki yenyewe ni ya mafuta, lakini bila busta mguu wa mtu hautoshi kulizuia lori lenye shehena. Basi breki na sailensa zilikuwa zikilalamika kwa kinywa kimoja, nasi tuliyasikiliza malalamiko hayo kama mambo mawili mbalimbali, na la pili hatukulisikiliza kabisa.

Jioni ile ile dereva alikwenda kwa fundi mmoja mzee ambaye ameacha kazi ya gereji na sasa anachunga mikarafuu yake. Mzee hakuja na kipimo chochote. Alifungua boneti, akatwaa kibao chembamba akakiinamisha polepole juu ya koo la kabureta, apunguze hewa. Injini nzima ingaligugumia au ikazima. Yetu haikuzima, ilizidi kulia kwa raha. "Huyu anapumua kwingine," akasema. Kisha akazungushia kitambaa meno ya koleo, akalibana lile bomba nene la busta karibu na manifodi. Papo hapo sauti ikaanguka, moshi mweusi ukatoka kwenye ekzosi, na injini ikazima. Moshi ule mweusi ulikuwa ile petroli tuliyomkata dereva mshahara.

Bomba lilipochomolewa lilionekana zima kwa juu. Upande wa chini, pale linapokaa juu ya chuma, lilikuwa limelika na kupasuka urefu wa kidole. Dereva anaposhika breki busta hujivuta kidogo, bomba likajongea, na ufa ukafunguka zaidi. Ndiyo maana sauti ilibadilika. Na utando wa ndani ya busta ungalipasuka, dalili ingalikuwa hiyo hiyo, kwa hiyo mzee hakutosheka na bomba. Lilipofungwa jipya alimwambia dereva azime injini, akanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, aushikilie mguu hapo hapo na kuwasha. Pedali ikashuka kidogo yenyewe chini ya mguu. Busta inafanya kazi. Wakazima tena, wakangoja dakika chache, wakakanyaga. Pedali ya kwanza ikawa laini bado, maana ile valvu izuiayo vakyumu isirudi ilikuwa nzima. Majaribio hayo mawili hayana gharama yoyote, na twawaomba wenye malori ya breki za namna hiyo wayafanye kabla ya mavuno, si baada yake.

Kwa kuitafuta hewa ya wizi kwenye gasketi, ambako hakuna bomba la kubana, nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye viungo, injini inazunguka. Maji yakivutwa ndani, sauti hubadilika mara moja, na waweza kuusikia mluzi ukikoma. Jihadhari usiyarushe kwenye distributa, wala usiyamwage kwa wingi juu ya chuma cha ekzosi kilicho moto. Wako mafundi wanaotumia petroli kwa kazi hii, kwa sababu injini huijibu upesi zaidi. Hatuwezi kulikubali hilo. Manifodi ya ekzosi iko chini ya mkono wako, na cheche za plagi haziko mbali.

Wenye malori ya dizeli watasema kuwa haya si yao, na kwa sehemu kubwa wasema kweli. Katika dizeli nyingi za zamani hewa haizuiwi na kibati. Spidi hutawaliwa na gavana iliyo katika pampu ya dizeli. Kwao ni kutazama waya, springi, kile kitufe cha kuwashia asubuhi, na skurubu ya kusimamishia. Ndani ya pampu wasiingie, hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuipimia. Walakini injini ya dizeli ikianza kupanda mbio yenyewe na kutoa moshi mzito wa buluu au mweupe, huenda inakula mafuta yake ya oili. Hiyo si sailensa tena. Kama gari limesimama na breki zashika, tia gia kubwa, achia klachi uizimishe, au iziba mdomo wa hewa kwa ubao. Usitumie mkono. Ikishindikana, jitenge nayo pamoja na watu wako.

Turudi kwenye bomba, kwani hapa tulikaribia kukosea tena. Kijana mmoja alipendekeza tukate kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kwa kuwa unene ni ule ule. Mpira huo umetengenezwa kusukumwa na maji kutoka ndani. Ukivutwa na vakyumu hunywea kuta zake zikashikana, hasa ukipata joto la injini, na busta hubaki bila kitu ijapokuwa kwa macho bomba lipo. Tena mvuke wa petroli hulainisha mpira usio wake. Takeni bomba la vakyumu ya breki, lenye nyuzi ndani ya ukuta wake, na mlifunge kwa klipu pande zote mbili, lisigusane na chuma chochote. Letu lilinunuliwa Chake Chake, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli na chai ya fundi aliyekwenda kuitafuta ile kabureta.

Kabureta ya zamani imerudishwa mahali pake baada ya kuoshwa, na mchanganyiko ukapangwa upya. Ile nyingine iko ofisini. Mwanachama anayeihitaji na amwone mweka hazina. Dereva amerudishiwa mshahara wake wote uliokatwa, na mzee yule aliyemwuliza swali kwenye Kamati alimwendea nyumbani kwake usiku, akamwomba radhi mbele ya mkewe. Sisi wengine tulimwomba kikaoni. Alisema yamekwisha, ila ana sharti moja: watu wasipande tena juu ya magunia, wawe na gari lao. Kamati imekubali, na kuanzia mavuno yajayo wachumaji watachukuliwa kwa gari la abiria litakalokodiwa asubuhi na jioni. Gharama yake itasomwa katika mkutano mkuu.